Gazeti Lililoibwa: Jinsi Le Soir Lilivyotumika Chini ya Wajerumani

Alasiri ya Novemba 9, 1943, wakazi wa Brussels walipita kwenye vibanda vya magazeti kama walivyozoea, wakalipa, wakachukua Le Soir na kuendelea na njia yao. Jina juu ya ukurasa wa kwanza lilikuwa lile lile, kwa herufi zile zile. Safu zilipangwa vile vile. Ila aliyeanza kusoma alishtuka. Taarifa ya jeshi la Ujerumani ilisifia kurudi nyuma kwa maneno yaliyotiwa chumvi mpaka yakajikejeli yenyewe. Chini ya picha ya Hitler yaliwekwa maneno ya kujitetea, kwamba yeye hakuyataka haya yaliyotokea. Kabla wakubwa wa Kijerumani hawajang'amua kilichopita, nakala zilikuwa zimeshaingia mifukoni, zimeshafika majumbani, na watu wanacheka kwa sauti ya chini nyuma ya milango iliyofungwa.

Wabelgiji wanaikumbuka nakala hiyo kwa jina la Faux Soir, yaani Le Soir bandia. Ilichapwa kwa siri na Front de l'Indépendance, moja ya harakati kubwa za upinzani nchini Ubelgiji, nakala zipatazo 50,000. Kisa hicho husimuliwa kwa furaha, na kinastahili furaha hiyo. Lakini mimi kila nikikirudia hubaki na swali moja. Hila ile ilifaulu kwa sababu watu walikuwa na desturi ya kununua Le Soir. Kila jioni walinunua gazeti ambalo wote walijua kwamba liko mikononi mwa mvamizi, na ambalo wenyewe walikuwa wamelibandika jina la Le Soir volé, Le Soir lililoibwa. Walijua ni mali ya wizi, na bado walilipia. Kwa nini?

Tukilijibu swali hilo vizuri tutaelewa jambo ambalo neno "kibaraka" pekee halitufikishi. Sisi tukisikia gazeti la vibaraka tunafikiria karatasi iliyojaa uongo kuanzia juu hadi chini, hotuba za dikteta na matusi. Magazeti ya namna hiyo yalikuwepo Ubelgiji, na wasomaji wake walikuwa wachache. Lililomfaa mvamizi zaidi lilikuwa gazeti lenye ukweli mwingi ndani yake.

Jina kabla ya wizi

Le Soir lilianzishwa mwaka 1887 na Emile Rossel, na kwa miaka mingi lilikuwa gazeti la watu wa kawaida wa Brussels wanaozungumza Kifaransa. Halikuwa gazeti la chama. Familia za mrengo huu na ule zililisoma pamoja, na ndiyo maana jina lake lilikuwa na thamani.

Mwaka 1914 Wajerumani walipoikalia Ubelgiji kwa mara ya kwanza, Le Soir lilinyamaza. Halikutoka tena mpaka vita vilipokwisha mwaka 1918. Pengo hilo likajazwa na magazeti ya siri, maarufu kuliko yote likiwa La Libre Belgique lililoanza mwaka 1915. Hilo lilijitangaza kuwa ofisi yake ni chumba cha chini ya ardhi kinachotembea, na likachapisha picha ya kutengenezwa inayomwonyesha gavana wa Kijerumani, von Bissing, akilisoma. Kwa hiyo waandishi na wenye magazeti wa mwaka 1940 hawakuwa watu waliokutana na jambo jipya gizani. Baba zao walikuwa wamekwisha kuwaonyesha njia: kalamu ikishikwa na adui, unaiweka chini. Jambo hili lina uzito mkubwa tutakapofika kwenye hukumu za baada ya vita.

Mei 10, 1940, Ujerumani ikavamia tena. Jeshi la Ubelgiji lilisalimu amri Mei 28. Le Soir lilikuwa limesimama katikati ya mwezi huo, na wamiliki wake, familia ya Rossel, hawakukubali kulitoa chini ya bendera ya mvamizi. Safari hii Wajerumani hawakungoja ridhaa. Waliichukua mitambo, wakalichukua jina, wakaajiri waliokuwa tayari, na mwezi Juni gazeti lilikuwa tena mitaani. Mhariri wake wa kwanza alikuwa Horace Van Offel, mwandishi wa riwaya. Kabla mwaka haujaisha kiti hicho kilishikwa na Raymond De Becker, kijana wa miaka 28 aliyekulia katika harakati za vijana wa Kikatoliki.

Hebu tazama walichokuwa wanakitafuta. Kama shida yao ingekuwa kueneza propaganda tu, wangeweza kuanzisha gazeti jipya, na kwa kweli walianzisha kadhaa. Walilitaka jina la Le Soir kwa sababu jina halitengenezwi kwa amri. Miaka zaidi ya 50 ya kuaminiwa ilihamishwa kama kabati linavyohamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na likaanza kutumiwa na mtu ambaye hakulijenga.

Kamba zilizoshikwa na mvamizi

Ubelgiji ilitawaliwa na jeshi la Ujerumani chini ya Jenerali Alexander von Falkenhausen, na ndani ya utawala huo kulikuwa na idara ya propaganda iliyosimamia magazeti, redio na vitabu. Wengi hudhani idara kama hiyo ilikuwa na jeshi la wakaguzi wenye wino mwekundu wakifuta sentensi moja moja. Ukaguzi ulikuwepo, lakini kamba kuu zilikuwa nyingine.

Ya kwanza ilikuwa karatasi. Wakati wa vita karatasi iligawiwa kwa kipimo, na mgawaji alikuwa Mjerumani. Gazeti linalomwudhi lingepunguziwa kurasa, na gazeti lisilo na kurasa halina matangazo, wala mishahara. Ya pili ilikuwa chemchemi ya habari. Shirika la habari la Belga lilikuwa limeondoka jukwaani, na mahali pake likawekwa jingine chini ya usimamizi wa Wajerumani, Belgapress, kwa hiyo habari za dunia zilifika mezani kwa mhariri zikiwa zimekwisha kupikwa. Ya tatu ilikuwa maelekezo: habari hii iwekwe ukurasa wa kwanza, ile isiguswe, neno hili litumike badala ya lile.

Ya nne ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote, nayo ilikuwa uteuzi wa watu. Ukishamweka mhariri anayeamini kwamba Ujerumani imeshinda, na kwamba Ulaya mpya lazima ijengwe pamoja nayo, huhitaji kumfuta sentensi. Atajifuta mwenyewe. De Becker hakuwa mtu wa kununuliwa kwa pesa, angalau hakuna haja ya kumweleza hivyo. Aliamini. Aliona demokrasia ya zamani imekufa kwa aibu katika siku 18 za Mei 1940, na akadhani Ubelgiji inaweza kupata nafasi yake ndani ya utaratibu mpya ikiwa itajifunza kusema lugha ya mshindi. Mvamizi alikuwa na bahati ya kupata watu wa aina hiyo, maana mwenye imani hafanyi kazi nusu nusu.

Panya na pumzi yake

Sasa turudi kwa msomaji. Anayetoka kazini Brussels mwaka 1941 anahitaji kujua mengi. Kadi ya mgao ya mwezi huu itatoa mkate kiasi gani? Makaa ya mawe yatagawiwa lini kwa mtaa wake? Saa za kutotoka nje zimebadilishwa? Nani amefariki, na mazishi ni wapi? Nani anauza baiskeli? Timu yake ya mpira imefanyaje? Maswali hayo yalijibiwa na Le Soir, na majibu yalikuwa ya kweli. Hakuna mhariri mwenye akili anayedanganya kuhusu mgao wa viazi, kwa sababu msomaji atajua kesho yake asubuhi dukani.

Nyumbani kwetu, na nadhani katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, wazee walifungua gazeti kwenye ukurasa wa tanzia kabla ya ukurasa wowote mwingine. Hawakuwa wanatafuta siasa. Walikuwa wanatafuta watu wao. Mwanamke wa Brussels aliyenunua Le Soir ili ajue kama shangazi yake wa mji mwingine amezikwa hakuwa msaliti, na ni dhuluma kumwita hivyo.

Lakini wasemao panya huuma huku akipuliza walikuwa wameliona jambo hili zamani. Tanzia, mgao na mpira vilikuwa ile pumzi inayopoza ngozi. Kati ya vipande hivyo vya kweli lilikaa jino: habari ya ushindi wa Wajerumani ikisomwa kwa sauti ile ile ya habari ya tramu, tangazo la kuuawa kwa "magaidi", makala inayoeleza kwa utulivu kwamba Mayahudi si Wabelgiji. Gazeti liliuza takriban nakala 200,000 hadi 300,000 kwa siku, idadi ambayo magazeti ya wafuasi wa kweli wa Hitler hayakuikaribia. Wengi wa wanunuzi hao walikuwa wakiruka tahariri. Hiyo haikumsumbua mvamizi. Msomaji si lazima asadiki, inatosha azoee. Akizoea kuyaona maneno fulani kando ya matokeo ya mpira, siku yakigeuka matendo hatashtuka sana.

Mchora katuni wa kila siku

Mtu aliyelipuliza Le Soir pumzi tamu kuliko wote alikuwa mchoraji Georges Remi, anayejulikana duniani kama Hergé, muundaji wa kijana wa katuni aitwaye Tintin. Wasomaji wa Kongo wanamjua vizuri, na wana sababu ya kumjua kwa uchungu: safari ya Tintin nchini Kongo, iliyochorwa mwaka 1930 na 1931 katika jarida la watoto la gazeti la Kikatoliki, iliwachora Wakongo kama watoto wasio na akili. Gazeti hilo lilifungwa kwa uvamizi wa 1940, na Hergé akabaki bila kazi. Oktoba ya mwaka huo akaingia Le Soir lililoibwa, kwanza katika nyongeza ya watoto, kisha, karatasi ilipoadimika, kwa kipande kifupi cha kila siku.

Kwa kazi yake, hiyo ilikuwa miaka ya neema. Alipata wasomaji mara kadhaa ya wale wa zamani, vitabu vyake vikauzwa kuliko wakati wowote, na hadithi nyingi za kipindi hicho hazina siasa yoyote ndani yake: mabaharia, hazina, kisiwa cha mbali. Watetezi wake husema hivyo hivyo, kwamba alichora vya kuchekesha tu. Mimi naona hapo ndipo penye uzito. Mtoto aliyemngoja Tintin kila jioni alimfanya baba yake asiache kununua gazeti. Kutokuwa na siasa kulikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Na si kwamba siasa haikuingia kabisa. Hadithi ya kimondo kinachoanguka baharini, iliyotoka kati ya Oktoba 1941 na Mei 21, 1942, ilikuwa na tajiri mwovu wa benki wa Kimarekani aitwaye Blumenstein, mwenye sura iliyochorwa kwa mtindo wa chuki dhidi ya Mayahudi. Katika kipande kimoja Mayahudi wawili wanafurahi kwamba dunia ikiisha hawatalipa madeni yao. Kipande hicho kiliondolewa hadithi ilipotolewa kama kitabu, na jina la tajiri lilibadilishwa miaka ya baadaye. Ila wasomaji wa Le Soir waliviona vyote viwili, tena kwa wakati wake. Mei 27, 1942, siku sita tu baada ya kipande cha mwisho cha hadithi hiyo, utawala wa Kijerumani Ubelgiji uliamuru kila Myahudi avae nyota ya njano. Agosti 4 treni ya kwanza ilitoka kwenye kambi ya Dossin mjini Mechelen kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz. Watu zaidi ya 25,000 walisafirishwa kutoka kambi hiyo, na wachache sana walirudi.

Kijana mwenye kalamu nzuri

Machi 4, 1941, Le Soir lilitenga ukurasa kwa ajili ya Mayahudi na utamaduni. Mojawapo ya makala iliandikwa na kijana wa miaka 21, Paul de Man, mpwa wa kiongozi wa kisoshalisti Henri de Man. Haikuwa na matusi. Kwa lugha ya msomi ilijadili kwamba fasihi ya Ulaya ni imara, kwamba Mayahudi hawakuiharibu, na kwamba wakiondolewa na kupelekwa kwenye koloni mbali na Ulaya, fasihi hiyo haitapoteza kitu cha maana.

Neno hilo, koloni, linanisimamisha kila mara. Mwaka uliotangulia wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani ilikuwa imeandaa mpango wa kuwapeleka Mayahudi wa Ulaya kisiwani Madagaska, huku kwetu Bahari ya Hindi, bila shaka pasipo kumwuliza Mmalagasi hata mmoja. Mwandishi hakukitaja kisiwa. Hakuhitaji. Aliandika juu ya watu waliokuwa wakiishi mitaa michache kutoka ofisi yake kana kwamba ni samani za kuhamishwa, na kwa mtindo mzuri.

De Man aliandika makala zaidi ya 150 katika Le Soir hadi mwaka 1942, nyingi zikiwa mapitio ya vitabu. Baada ya vita alihamia Marekani akawa mmoja wa maprofesa wa fasihi waliosikilizwa kuliko wote, katika Chuo Kikuu cha Yale. Alifariki mwaka 1983 akiheshimiwa. Mwaka 1987 mtafiti kijana wa Kibelgiji, Ortwin de Graef, aliyakuta makala yale, na wanafunzi wa marehemu wakalazimika kuusoma upya ukimya wa mwalimu wao. Gazeti la jioni hutupwa asubuhi, lakini maktaba huwa haitupi.

"Afadhali sisi kuliko wao"

Utetezi wa kawaida wa waandishi hawa ulikuwa kwamba bila wao Mjerumani angeandika mwenyewe, na angeandika vibaya zaidi. Si hoja ya kipuuzi, na Ubelgiji nzima ilikuwa ikiishi juu ya hoja inayofanana nayo. Alexandre Galopin, mkuu wa Société Générale, kampuni iliyokuwa na hisa kubwa katika migodi ya Union Minière kule Katanga, aliongoza msimamo kwamba viwanda vya Ubelgiji viendelee kufanya kazi ili watu wale, ila visimtengenezee adui silaha. Msimamo huo ulijadiliwa sana na ulikuwa na matundu mengi. Lakini angalau mchimba makaa anaweza kusema kwamba makaa yake yamepasha moto nyumba ya Mbelgiji.

Gazeti haliwezi kusema hivyo kwa ukamilifu, na hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi. Bidhaa ya gazeti ni maneno, na mtu aliyeyaagiza maneno hayo alikuwa mmoja. Ukitoa tangazo la mgao umemsaidia jirani yako. Ukilitoa chini ya jina la kuibwa, kando ya hotuba ya Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, umeisaidia hotuba pia, na huwezi kuvitenga viwili hivyo kama mtu atenganishavyo mchele na chuya.

Hata waumini wenyewe walifika mahali wakakwama. Januari 1943 Léon Degrelle, kiongozi wa Rex, chama cha kifashisti cha Ubelgiji, alitangaza kwamba Wabelgiji wanaosema Kifaransa ni watu wa asili ya Kijerumani. Kwa mtu kama De Becker, aliyedhani anashirikiana na Ujerumani ili Ubelgiji iendelee kuwepo, hilo lilikuwa tangazo la kifo cha nchi yenyewe. Robert Poulet akaacha uhariri wa siasa wa Le Nouveau Journal, gazeti jingine la upande wa Ujerumani. José Streel akaacha kuandikia gazeti la Rex. De Becker alichelewa, lakini mwezi Septemba naye akatoka, na Wajerumani aliowatumikia kwa karibu miaka mitatu wakamkamata na kumweka kizuizini mbali na kwao. Le Soir liliendelea kutoka kama kawaida, mhariri mwingine akiwa kitini.

Wakati huo risasi zilikuwa zimeanza kujibu kalamu. Aprili 14, 1943, Paul Colin, mkurugenzi wa Le Nouveau Journal na mmoja wa waandishi wakali wa upande wa Ujerumani, alipigwa risasi na kufa katika duka lake la vitabu Brussels. Aliyempiga, mwanafunzi Arnaud Fraiteur, alinyongwa Mei 10 katika ngome ya Breendonk pamoja na wenzake wawili.

Magazeti mengine, ya giza

Kando ya haya yote palikuwa na nchi nyingine ya karatasi. Historia imehesabu mamia ya majina ya magazeti ya siri yaliyotoka Ubelgiji kati ya 1940 na 1944, mengine ya ukurasa mmoja uliopigwa taipu jikoni, mengine ya maelfu ya nakala. La Libre Belgique ya siri ilifufuka mapema, mwaka ule ule wa 1940. Usiku watu walifunika redio kwa blanketi na kusikiliza Radio Belgique kutoka London, ambako Januari 1941 Victor de Laveleye aliwahimiza wasikilizaji wachore ukutani herufi V, alama ya ushindi. Mwaka 1943 sauti ya serikali iliyokuwa uhamishoni ilianza kurushwa pia kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa mitambo iliyofungwa kwenye ardhi ya Kongo. Uhuru wa habari wa Ubelgiji ulitegemea koloni ambalo lenyewe halikuwa na uhuru huo, na Mkongo asiyeruhusiwa kuwa na gazeti lake la siasa hakuulizwa lolote.

Kwa hiyo msomaji wa Brussels alikuwa na vyanzo viwili. Jioni aliisoma tanzia katika Le Soir. Usiku alisikiliza London. Alijifunza kusoma taarifa za jeshi kinyume: miji ikitajwa kwamba inalindwa kishujaa, akichukua ramani aliona kila mji uko magharibi ya ule wa juzi. Faux Soir iliandikwa kwa ajili ya macho hayo yaliyofunzwa. Waandishi wake walichukua lugha ya taarifa zile na kuisukuma hatua moja tu mbele, ikaanguka.

Wazo lilikuwa la Marc Aubrion, na waliolifanyia kazi walitaka litoke karibu na Novemba 11, kumbukumbu ya kushindwa kwa Ujerumani mwaka 1918. Walipata mchapishaji jasiri, Ferdinand Wellens. Walihitaji mtu wa ndani ya Le Soir, wakampata, na kwa msaada wake wakajua vibanda vinavyopelekewa magazeti na jinsi jina linavyokaa juu ya ukurasa. Nakala elfu chache zilipelekwa vibandani kana kwamba ni za kawaida, na nyingi zaidi zilipitia mikono ya wanaharakati. Gharama ililipwa baadaye. Wajerumani walifuatilia uchapaji, wakawafikia kadhaa wa waliohusika, na Wellens hakurudi kutoka kambi za Ujerumani.

Naona ukweli mmoja mzuri katika kazi yao. Wangeweza kuandika kipeperushi kingine cha kulaani Le Soir, na kingesomwa na wale wale waliokwisha kulilaani. Badala yake waliliiba jina mara ya pili, wakalirudisha kwa saa chache kwa wenyewe.

Baada ya Septemba 1944

Brussels ilikombolewa Septemba 3, 1944. Hadithi ya Tintin iliyokuwa ikiendelea ilikatika katikati, na siku tatu baadaye Le Soir la kweli lilitoka tena mikononi mwa wamiliki wake. Liliweza kurudi na jina lake kwa sababu wamiliki walikuwa wamekataa mwaka 1940. Ufaransa sheria ilikuwa kali zaidi juu ya jambo hili hili. Gazeti lililoendelea kutoka eneo la kusini siku zaidi ya 15 baada ya Wajerumani kuliingia Novemba 11, 1942 lilipoteza haki ya kurudi. Le Figaro lilisimama mara moja, likarudi. Le Temps, gazeti lenye hadhi kubwa, lilisimama Novemba 29, siku tatu baada ya mwisho uliowekwa. Ofisi na mitambo yake vikachukuliwa, na humo Desemba 1944 likazaliwa Le Monde.

Hergé alikamatwa mara nne na vikundi tofauti, akalala jela usiku mmoja, na hakufikishwa mahakamani. Miaka miwili baadaye aliyemwezesha kuchora tena alikuwa Raymond Leblanc, mtu aliyepigana katika upinzani, kwa jarida la watoto lililoanza Septemba 1946. Wengine hawakupata bahati hiyo. Ubelgiji iliwaua kwa kuwapiga risasi watu 242 kwa makosa ya kushirikiana na adui, Streel akiwa miongoni mwao Februari 1946, ingawa alikuwa ameacha kuandika miaka mitatu kabla. Inauma kuona mizani hii. Mwandishi aliyesema mawazo yake wazi kwa jina lake aliadhibiwa kuliko mkandarasi aliyejenga kuta za Wajerumani na kuhesabu fedha kimya kimya. Makala ni ushahidi uliojitia sahihi wenyewe.

De Becker alihukumiwa kifo Julai 1946. Mwaka uliofuata adhabu ilipunguzwa kuwa kifungo cha maisha, na mahakama ikatambua kwamba mwaka 1943 aliwapinga Wajerumani. Februari 1951 aliachiwa kwa sharti la kuhamia Ufaransa. Lakini kifungu cha 123 sexies cha sheria ya jinai kilikuwa kimemfungia mlango mwingine maisha yake yote: asishiriki kwa namna yoyote katika kuandika, kuhariri, kuchapa wala kusambaza gazeti au chapisho, hata la mapishi.

Mwaka 1956 alipeleka malalamiko Strasbourg, kwenye vyombo vya Ulaya vya haki za binadamu, akisema katazo hilo linavunja uhuru wake wa kujieleza chini ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Najua wengi waliolisoma gazeti lake wakati wa njaa walichukizwa, na siwalaumu. Hata hivyo Kamisheni ya haki za binadamu ilimsikiliza, ikaona kwamba kumzuia mtu milele hata kwenye maandishi yasiyo ya siasa kumepita kiasi. Kabla Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haijaamua, Ubelgiji iliirekebisha sheria hiyo Juni 1961, De Becker akasema ameridhika, na Machi 27, 1962 majaji wakaliondoa shauri kwenye orodha. Lilikuwa miongoni mwa mashauri ya kwanza kabisa kufika mbele ya mahakama hiyo, na mlalamikaji alikuwa mtu aliyekaa miaka karibu mitatu kwenye kiti cha mhariri kilichoporwa.